Kori Kumi na Nne kwa Kori Sita

Baba alipiga simu mchana tukiwa tunakula, kaka yangu na mimi, ndani ya kistudio chetu cha video cha Sakina, mjini. Kaka akaweka spika. Tulisema "Shikamoo baba" wote kwa pamoja, na hakuitikia. Sauti ilikuja nzito, inaburuta maneno, tukatazamana: mzee kashalewa.

"Mmoja arudi nyumbani," akasema. "Mmoja. Chagueni wenyewe. Mkishindwa nitakuja kuchagua mimi."

Simu ikakatika. Kaka akasukuma sahani pembeni. Mimi niliendelea kula, kwa sababu nikiwa na hasira ndipo chakula kinapopita vizuri, na siku hiyo nilimaliza changu nikamalizia na chake.

Kwetu, kurudi nyumbani si kwenda kupumzika. Nyumbani ni boma la juu ya Kisongo, ule upande wa mlima ambao mvua inaupita tu, ng'ombe wachache, shamba la mahindi na maharage, na baba. Baba ndiye tatizo. Wapo watakaosema mzazi hasemwi vibaya. Hao hawakuzaliwa na baba yangu. Yule mzee alipiga kama watu wengine wanavyokohoa, bila kupanga, katikati ya mazungumzo. Alinipiga kwa ajili ya ndama aliyevunjika mguu, akanipiga kwa ajili ya mvua iliyochelewa. Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani na suti yake, na akirudi alivua koti kwanza, akalitundika, ndipo akapiga. Hakutaka koti lichafuke.

Tulilikimbia lile boma kwa zamu, kaka kwanza, mimi nikafuata miaka michache baadaye, na kila mmoja kivyake alikuwa ameapa kwamba harudi. Kwa hiyo simu ile iliuliza jambo moja tu: nani kati yetu arudi chini ya fimbo ya baba, na nani abaki mjini na studio. Mtu wa nje ataniambia si mngekataa wote wawili, mzee angefanya nini. Angekuja, ndicho angefanya. Mara ya mwisho alipokuja mjini alimchapa kaka bakora mbele ya kamati nzima ya kwaya, mwanaume wa miaka thelathini na kitu, kosa lake kwamba hakusimama upesi baba alipoingia. Kaka alisimama akachapwa. Mimi nilikuwa pale pale nimeshika kipanya, nikajifanya naangalia kioo cha kompyuta.

Namna ya kuchagua tulikuwa nayo, na mwalimu alikuwa baba mwenyewe. Utotoni kila kitu kiliamuliwa kwa fimbo. Ini la mbuzi liliwe na nani, nani aende kwa shangazi Monduli sikukuu, nani abaki kulala na ndama. Baba anaturushia fimbo mbili za mzeituni mwitu, anachora mstari kwenye vumbi kwa kisigino, anakaa. Mmoja kwa mmoja. Hakuna kusaidiwa, hakuna kupumzika. Ukiangusha fimbo au ukianguka wewe, umeshindwa, na aliyeshindwa anaongezewa viboko na baba mwenyewe, eti vya kumkumbusha. Watoto wote wa Kiarusha wanacheza fimbo machungani, hilo si jipya, lakini wanacheza kwa sheria: humpigi mwenzako usoni, humpigi akiwa chini, mkimaliza mnacheka. Baba aliondoa sheria akabakiza fimbo.

Kuna siku kaka alinivunja kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, mpaka leo hakikunjiki. Na mimi nilimpasua nyusi. Damu ikamjaa jichoni, akawa anarusha fimbo bila kuona, na mimi nikawa nampiga mbavuni kwa raha zangu, maana alikuwa hanioni. Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alitoka jikoni akasimama katikati yetu. Baba akanyanyuka. Alimpiga yeye badala yetu, taratibu, bila haraka yoyote, na sisi tulisimama na fimbo zetu mikononi tukisubiri amalize. Alipomaliza tukaendelea.

Basi. Turudi studio.

Tunahariri video za kwaya, harusi, sendofu, misiba, chochote kinacholetwa. Tulikuwa na mashine mbili na ugomvi mmoja usiokwisha, kwamba ipi ni mashine na ipi ni takataka.

Ya kaka ilikuwa kompyuta ya mezani ya kawaida, mpya, yenye ile prosesa, ubongo wa kompyuta, wanayonunua watu wote wa kazi zetu. Kori sita, yaani tuseme mikono sita ya kufanyia kazi, lakini mikono yenye kasi kwelikweli, na ndani yake kuna sehemu maalumu ya kubana video. Kimya, haipati joto, haikuombi kitu. Aliinunua ndani ya boksi, na boksi lenyewe hakulitupa. Lilikaa juu ya kabati na kila Jumatatu alilifuta vumbi, mshamba yule.

Yangu ilikuwa prosesa ya seva. Ilikuwa imetumikia ofisi fulani hapa mjini miaka na miaka, usiku na mchana, mpaka walipoing'oa kuweka nyingine, na fundi mmoja akaninong'oneza nikaiwahi kabla haijapelekwa kwa wauza vyuma chakavu. Kori kumi na nne. Nikaitafutia bodi, nikaifungia kipoza joto kizito kama tofali la kuchoma, nikaiingiza kwenye kasha la chuma ambalo ubavu wake niliuacha wazi ili hewa ipite. Sikatai, kila kori ilikuwa na kasi ndogo, karibu nusu ya zile za kaka. Sikatai pia kwamba ilikuwa haioni yenyewe; bila kuichomekea kadi ya picha, kioo kinabaki cheusi. Umeme ilikula mpaka kaka akawa anaizima nikienda chooni. Na ikiwaka, feni zinavuma hadi mama ntilie wa mlango wa pili anachungulia na kuuliza, "Leo mnasaga nini, wanangu?"

Lakini ilikuwa na kumbukumbu tele, tena ya aina inayojirekebisha ikikosea, na ilikuwa haichoki. Ungeipa kazi asubuhi, ukaiongeza ya pili, ukaiongeza ya nne, isibadilishe hata mlio. Niliipenda kwa sababu walikuwa wameitupa. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

"Braza," nilikuwa namwambia kaka, "sita kwa kumi na nne. Hesabu ya darasa la pili hiyo."

"Dogo, kumi na nne zako ni wastaafu. Zangu sita ni machalii."

"Machalii wanachoka."

"Wastaafu wanakufa."

Tulikuwa tunacheka, lakini kicheko kile hakikuwa kizuri. Mara mbili ugomvi huo ulifika kwenye kushikana mashati, na mara moja nilimrushia chaja ya laptopu, ile yenye kitofali kizito, ikatoboa dari ya jipsamu. Jirani anayeuza simu alikuwa anasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na alikuwa anasema tukiwa tunasikia.

Siku mbili baada ya simu ya baba, hakuna aliyekuwa amesema neno juu yake. Tulifanya kazi tumepeana migongo. Kwaya moja ya upande wa Usa River ilikuwa imeleta nyimbo kumi za albamu, na zote zilikuwa zinasubiri kutolewa, yaani kompyuta ipike picha zote na madoido yake mpaka video iwe kitu kimoja kinachochezeka. Kaka akageuka kwenye kiti.

"Tuzichezeshe fimbo hizi mashine," akasema.

Nilielewa hapo hapo, na mwili ukanisisimka kwa furaha ya kishenzi. Wimbo mmoja. Ule wa tatu, mgumu kuliko yote, ambao mwenyekiti wa kwaya aling'ang'ania waimbaji wasimame juu ya mawingu, nyuma yao maporomoko ya maji, na moshi ukitambaa miguuni. Mafaili yale yale, mpangilio ule ule, tunabonyeza pamoja. Mashine itakayomaliza kwanza, mwenyewe anabaki mjini. Itakayochelewa, mwenyewe anakwenda Kisongo.

"Mmoja kwa mmoja," nikasema mimi. Ni mimi niliyesema. Wala kaka hakuniuliza.

Jumamosi asubuhi tukamwita mama ntilie awe mwamuzi. Tulimweleza yote, na simu ya baba pia. Alijifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Mimi kompyuta siijui," akasema, "ila nani kamaliza na nani bado, hilo naliona. Lakini nyie watoto, mnapelekana kwa baba yenu kama mnapelekana jela." Alikuwa amesema kweli.

Tukabonyeza.

Mwanzoni zilikwenda sawa, mpaka ile sehemu ya wapiga ngoma, ambayo haina madoido. Hata nilimtupia kaka jicho. Kisha yakaanza mawingu. Nilikuwa nimefungua kidirisha kinachoonyesha kila kori inafanya nini, kumi na nne zote zimejipanga kwenye kioo, na nikaona kitu ambacho sitakisahau. Kori mbili zilikuwa zimepanda hadi juu kabisa, zinahema. Ya tatu inapanda na kushuka. Nyingine zote zimelala chini, bapa, hazina habari.

Wanaojua wanajua. Ile programu ilikuwa inapika moshi na maji picha moja baada ya nyingine, na kila picha lazima isubiri iliyotangulia. Ni kama mtaro mwembamba shambani: hata ukileta watu kumi na nne na majembe yao, anaingia mmoja, wengine wanasimama kando wanaegemea mipini. Na huyo mmoja aliyeingia kwangu alikuwa mzee wa mwendo wa pole. Kwa kaka aliingia chalii.

Niliipiga meza kwa ngumi. Niliupiga ubavu wa mashine. Niliitukana kwa Kiswahili, nikaitukana kwa Kimaa, matusi ambayo mama ntilie hakuyaelewa lakini aliinuka kwenye ndoo akasogea mlangoni. Kori kumi na nne, na kumi na moja zimelala usingizi wakati mimi napelekwa kwa baba. Nilitamani niingie mle ndani nizichape moja moja. Nyuma yangu kompyuta ya kaka haikutoa hata sauti. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anapiga mluzi, wimbo ule ule wa kwaya, sauti ya pili.

Ikalia kengele yake. Mimi nilikuwa nimevuka nusu kidogo tu.

"Ya huyu imemaliza," mama ntilie akasema kutoka mlangoni. "Ya huyu bado inasaga."

Kama kaka angecheka, nadhani ningevumilia. Hakucheka. Alikuja akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya baba, sauti yenyewe hasa, ile ya kutokea kooni: "Layoni. Kafunge mzigo."

Layoni ni mtoto ambaye hajatahiriwa. Kumwita hivyo mwanaume mzima wa kwetu ni kumvua nguo sokoni.

Bati la ubavu wa mashine yangu lilikuwa limeegemea ukuta. Sikumbuki kuliokota. Nakumbuka uzito wake na sauti lilipompata, sauti ya debe, na nakumbuka sikio la kaka likiwa limeachana na kichwa kwa juu, linaning'inia, jeupe kwa nukta moja kabla damu haijaja. Akaligusa. Akaangalia vidole vyake. Kisha akanijia kwa kichwa, akanigonga mdomoni, nikasikia meno yakivunjika ndani ya fuvu langu mwenyewe, na nikafurahi. Naliandika kama lilivyokuwa. Nilifurahi kwa sababu sasa tulikuwa tunafanya kitu tunachokijua.

Tulipigana bila kusema. Sisi hatupigi kelele tukipigana, tulizoeshwa hivyo. Alinibana shingo kwa waya wa kipaza sauti. Nilimng'ata mkono mpaka nikafika mfupa. Alinikandamiza uso kwenye kibodi, herufi zikaruka, na moja ilinikaa shavuni mpaka zahanati. Nikampiga goti tumboni akatapika chai ya asubuhi juu ya viatu vyangu. Akaona mashine yangu, ambayo muda wote huo ilikuwa bado inavuma, bado inapika ule wimbo, haijali. Akaipiga teke. Kasha likaanguka kutoka mezani, kile kipoza joto kizito kikang'oka na kipande cha bodi, feni ikajizungusha sakafuni peke yake kama kuku aliyechinjwa, ikanyamaza. Nilimrukia nikiwa nimeshika ile ndoo. Nilikuwa nimekusudia kumuua. Sitafuti neno lingine.

Kilichotuachanisha ni maji ya kuoshea vyombo. Mama ntilie alitumwagia karai zima, ya moto kiasi, yenye mafuta na mabaki ya maharage, halafu akatupiga na karai lenyewe, kaka mara moja, mimi mara nyingi. "Mbwa wanaachanishwa hivi," akasema. Kisha akavua kanga yake ya juu akamfunga kaka kichwa, huku analia.

Zahanati walitukalisha benchi moja, bega kwa bega, kwa sababu benchi lilikuwa moja. Kaka alishonwa sikio. Mimi nilitolewa mizizi ya meno mawili. Tulikaa pale tunanuka maharage, na nikasema, kwa mdomo uliovimba, "Lakini ungezipa nyimbo zote kumi kwa mara moja, yangu ingeila yako."

Alifikiri. Kaka ni mtu wa haki kwenye mambo ya kazi. "Kweli," akasema. "Kila wimbo ungechukua kori zake. Kwa kumi pamoja usingekuwa mbali nami. Labda hata ungenipita."

"Si labda."

"Sasa mbona hukusema tuzijaribu na zote kumi? Hiyo ndiyo kazi tuliyonayo."

Kazi tuliyonayo ilikuwa nyimbo kumi. Mashine mbili, nyimbo kumi, na ile ya seva ilizaliwa kwa ajili ya kubeba mengi kwa wakati mmoja, ndiyo kazi iliyoifanya maisha yake yote kule ofisini. Ungezigawa vizuri, mashine zote mbili zingekuwa na kazi na albamu ingeisha siku hiyo hiyo. Hata fundi mwanagenzi anajua kwamba prosesa hazilinganishwi hivyo, unaanza kwa kuuliza kazi yenyewe ni ipi. Mimi nilijua. Nimewaeleza wateja mara nyingi. Lakini nilipoambiwa tulinganishe, kichwani mwangu ulikuja mstari kwenye vumbi na watu wawili.

"Tulisema mmoja kwa mmoja," nikasema.

"Ulisema wewe."

"Ni sheria ya baba."

"Baba hakuwepo," kaka akasema, na akaanza kucheka, akashika sikio kwa maumivu, akaacha. Hakuniambia nisiende, na mimi sikumwomba. Nilishindwa, na kwetu aliyeshindwa anakwenda.

Jumatatu nilichukua bodaboda mpaka Kisongo, nikapanda kilima kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi moyoni. Akininyooshea mkono, namvunja mkono. Akinyanyua fimbo, naichukua, na kuanzia hapo tutajuana. Nilikuwa na midomo iliyopasuka na meno pungufu, na nilijiona niko tayari kumuua mtu wa pili ndani ya wiki moja. Mlima ulikuwa wazi kabisa mpaka kileleni na sikuutazama.

Bomani hapakuwa na mtu uani. Ng'ombe walikuwa bado zizini, jua limeshakuwa kali, wanalia. Nikasikia kofi.

Sauti ile naijua tangu tumboni. Miguu ilikimbia yenyewe. Nilisema, leo ndiyo leo, hata mzigo sijatua na ameshaanza kumpiga yeyo. Niliusukuma mlango kwa bega, ngumi nimeikunja.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amefungwa kifuani kwa kanga ili asidondoke. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani, umelala kama kitu ambacho mtu mwingine amekisahau pale. Mbele yake alikaa yeyo na bakuli la loshoro, mahindi ya kupondwa na maziwa mgando. Loshoro ilikuwa inamtiririka baba kidevuni. Yeyo akaipangusa kwa kijiko, akamrudishia mdomoni, akasema, "Meza." Ikatoka tena. Akampiga kofi, hivi, la kiganja, bila haraka. Akachota kijiko kingine.

Baba aliniona. Akatoa sauti, na ndipo nilipojua kwamba siku ile kwenye simu hakuwa amelewa.

Nilimshika yeyo mkono. Ulikuwa mwembamba, mifupa mitupu. Aliutazama mkono wangu ulipomshika mpaka nikauachia.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mahindi yalipokuwa ya kuchoma."

"Mbona hukutuambia?"

"Mngekuja na mchungaji. Mngekuja na dawa." Alikuwa anaongea kama mtu anayechambua maharage. "Nilitaka kwanza tumalizane, mimi na yeye."

"Na ile simu?"

"Nilimshikia mimi, na maneno nilimpa mimi. Nilimwambia akisema vizuri atapata chai."

Baba alikuwa ananitazama kwa jicho lake moja lililobaki zima, na lilikuwa linaniomba. Mimi. Yule mzee alikuwa ananiomba nimwokoe, na aibu inishike, nilimwonea huruma. Nikasema neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema. "Yeyo, huyu ni mgonjwa. Hawezi kujitetea."

Alicheka kidogo, kwa pua. Hakunikasirikia.

"Mlipokuwa watoto sikuwalaumu," akasema. "Lakini ndevu zimewaota huko mjini, mwanangu. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunichukua."

Sikio la kaka, meno yangu, mashine iliyovunjika, vyote vilikuwa vya kuamua nani kati yetu arudi chini ya fimbo ya baba. Yeyo hakuwahi kutoka chini yake, na hatukuwahi, wala kaka wala mimi, kumhesabu.

Alinipa bakuli. Nyuma ya mlango palikuwa na furushi limeshafungwa, na viatu vya kanisani juu yake. Alivivaa akiwa ameegemea ukuta. Akaniuliza kaka yako anakaa wapi siku hizi, nikamwelekeza: Sakina, aulize kwa mama ntilie mwenye turubai la bluu. Akalirudia jina la mtaa mara mbili ili asilisahau. Akaniambia ng'ombe hawajanyweshwa na kwamba baba anageuzwa ubavu kila akilala, la sivyo anatoka vidonda. Akabeba furushi lake akaenda zake.

Nilikaa mbele ya baba nikachota loshoro. Kijiko kilipokaribia uso wake alifumba macho na kukunja shingo, akawa anasubiri. Nilingoja afumbue. Hakufumbua, kwa hiyo nikamlisha hivyo hivyo, macho yamefungwa, mpaka bakuli likaisha.